Paneli 14 na mlango mmoja: nilivyoiona huduma ya kuchonga kwa mashine ya CNC pale Keko

Tangu niweke picha za ile nyumba ya wageni ya Bagamoyo, simu yangu haijapumzika. Mafundi, wasanifu wenzangu, hata dada mmoja anayejenga Kibaha, wote wanauliza mambo matatu: nakshi za madirisha zimechongwa kwa mkono au kwa mashine, zimechongwa wapi, na ni shilingi ngapi. Naandika yote hapa kwa sababu kwenye simu huwa naishia kusema "ni wazuri, nenda tu", na hiyo si haki kwa mtu anayekwenda kutoa hela yake.

Mimi ni msanifu majengo. Nachora kwa AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, tangu niko chuoni, na kwa miaka mingi mchoro wangu ulikuwa ni karatasi: nauchapa, nampa fundi, fundi anautazama, anauliza mawili matatu, kisha anafanya kazi. Hapo katikati fundi mzuri husahihisha makosa yangu mengi bila hata kuniambia. Ukipeleka faili kwenye mashine ya CNC, yaani inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, msahihishaji huyo hayupo. Mashine inakata kile ulichoandika, na pale ulipokaa kimya, anayeamua ni yule aliyekaa kwenye kompyuta.

Karakana yenyewe iko Keko, Dar es Salaam, nyuma ya safu ya mafundi wa vitanda na makabati. Siitaji kwa jina, maana kuna kosa moja nitakalolieleza na tulishalimaliza wenyewe kwa wenyewe. Ina mashine moja ya kuchonga mbao ambayo meza yake inabeba bodi nzima ya futi nane kwa nne, na mashine ndogo ya leza ambayo sikuitumia. Wana mfuko mkubwa wa kunyonya vumbi na unafanya kazi kweli. Nimeingia karakana nyingine ambako unatoka na nywele nyeupe.

Kazi niliyopeleka ilikuwa paneli 14 za madirisha ya ukumbi, kila moja milimita 450 kwa 900, zenye nyota za pembe nane zilizotobolewa ili upepo wa bahari upite na jua libaki nje. Nyota 50 kwa kila paneli, tano kwa mstari, mistari kumi. Kati ya tundu na tundu nilichora ubavu wa milimita 12. Juu ya hapo kulikuwa na kizingiti cha juu cha mlango mkubwa, cha nakshi ya kuinuka, pamoja na miimo yake miwili.

Kitu cha kwanza walichonishauri kilikuwa MDF, bodi ya mbao iliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Nilikataa, na nawaomba na nyinyi mkatae kama nyumba iko karibu na bahari. MDF inapendeza siku ya kuchonga kwa sababu haina nyuzi na biti, ile ncha ya kukatia ya mashine, inapita kama kwenye sabuni. Ikikaa msimu mmoja wa masika Bagamoyo, kingo zake zinanywa unyevu na kuvimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na nakshi ya matundu ni kingo tupu. Nilinunua mkongo, nikaunganisha mbao tatu tatu kwa gundi ya kustahimili maji, zikapigwa randa hadi unene wa milimita 22.

Siku ya kwanza nilifika na flashi yangu nikiwa na uhakika wote. Opereta, kijana mpole wa miaka ishirini na kitu, alifungua faili, akavuta picha karibu, akanyamaza. Kisha akasema, "Dada, mchoro wako ni mzuri kwa macho. Kwa mashine bado."

Alinionyesha. Mahali ambapo mimi niliona nyota kamili, programu yake iliona mistari kumi na sita iliyosogeleana bila kushikana. Nafasi yenyewe hata nusu milimita haifiki, kwenye karatasi usingeiona kamwe, lakini mashine haiwezi kuzunguka umbo ambalo halijafungwa, kwa sababu haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Kwingine kulikuwa na mistari miwili iliyolala mmoja juu ya mwenzake, masalia ya kunakili na kubandika, na hapo mashine ingepita njia ile ile mara mbili. Akaniambia angeweza kunisafishia kwa shilingi 50,000, au nikasafishe mwenyewe. Nilirudi ofisini nikakesha. Kwa wanaotumia AutoCAD: amri ya OVERKILL inafuta mistari iliyorudiwa, na PEDIT inaunganisha vipande kuwa mstari mmoja uliofungwa. Zote mbili nilikuwa nazijua kwa jina tu.

Halafu kuna suala la vipimo. Faili la DXF, ambalo ndilo karakana nyingi hulipokea, hubeba namba, na usitegemee kwamba kompyuta ya pili itazisoma kwa kipimo kile kile ulichokusudia. Namba 450 inaweza kusomwa milimita, inaweza kusomwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kijana huyu ana desturi ambayo sijaiona kwingine: kabla ya kufanya lolote anakwambia umtajie kipimo kimoja unachokijua, anakiandika kwa chaki kwenye ubao ukutani, kisha anakipima kwenye kompyuta yake mbele yako. Siku hizi kila faili langu lina mraba mdogo wa milimita 100 pembeni, kazi yake ni hiyo tu.

Kwa hiyo mpaka hapo nilikuwa nimeridhika sana. Kosa lilikuja siku ya pili.

Paneli ya kwanza ilipanda mezani saa tatu asubuhi. Kichwa cha mashine kilianza kuimba, harufu ya mkongo ikajaa, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kutazama. Mkongo ni mgumu, kwa hiyo alikuwa anashuka milimita tatu kila mzunguko, mizunguko minane kuitoboa mbao. Zilipita kama dakika hamsini. Kichwa kikapanda juu, kelele zikakatika, tukafuta vumbi kwa mkono. Nilijua palepale kuwa kuna jambo, ila sikujua ni lipi. Nakshi ilionekana nyembamba, kama mtu aliyetoka kuugua. Ya pili ilikuwa imeshafungwa mezani, akaikata nayo. Tulipoinua ya kwanza, mimi nimeshika upande huu na yeye ule, ililia kama kijiti kikavu na mbavu nne zikakatika mikononi mwangu.

Nilichukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, nikapima. Milimita sita. Nilichora kumi na mbili.

Hesabu yake ni rahisi ukishaijua. Biti aliyotumia ina unene wa milimita sita. Ukiiambia mashine ikate ndani ya mstari, biti inatembea ndani ya tundu na kingo yake inagusa mstari wako; ubavu unabaki kumi na mbili. Ukiiambia ikate juu ya mstari, katikati ya biti inatembea juu ya mstari wenyewe, kwa hiyo inakula milimita tatu za tundu na milimita tatu za ubavu. Na kila ubavu una matundu pande zote mbili. Tatu na tatu, nusu ya ubavu imekwenda. Yeye alichagua "juu ya mstari" kwa sababu asubuhi ile alikuwa amekata mabango ya duka na programu ilikumbuka chaguo la mwisho. Mimi sikuwa nimeandika popote kwamba ubavu ubaki milimita 12. Nilikuwa nimechora tu, nikadhani kuchora ndiyo kusema.

Nataka kuwa mkweli kuhusu walivyolipokea, kwa sababu huduma naipimia hapo. Mwenye karakana alikuja, hakupandisha sauti wala hakutafuta wa kumtwisha lawama. Akapima mwenyewe, akasema, "Muda wa mashine juu yangu, mbao juu yako, na kuanzia leo hakuna kazi ya matundu inayoanza bila kipande cha majaribio." Nilikubali, ingawa mbao za mkongo za paneli mbili ziliniuma. Na kweli, tangu siku ile walikata nyota moja kwenye kipande cha plaiwudi, tukaipima pamoja, ndipo mbao nzuri ikapanda mezani. Paneli kumi na nne zilizofuata zilitoka zote salama. Saa kumi na mbili za mashine kwa jumla, zilizogawanyika siku tatu.

Katikati ya siku ya tatu umeme ulikatika. Hili ni swali ambalo kila anayekwenda karakana yoyote ya CNC lazima aulize: umeme ukirudi, mashine inajuaje ilikuwa wapi? Mashine za bei ya kati kama hii hazikumbuki. Zikizimika ghafla zinapoteza mahali pake, na ukianza tena kwa kukisia, nakshi inahama milimita mbili na mbao imekufa. Opereta huyu, kabla ya kila paneli, hutoboa kitundu kidogo kwenye kona ya meza, nje ya kazi, na hicho ndicho sifuri yake, mahali anapoanzia vipimo vyote. Umeme uliporudi alirudisha ncha ya biti kwenye kitundu kile, akainama mpaka jicho likawa usawa wa meza, akahakikisha, kisha akaendelea na mzunguko uliokatika. Nilitafuta alama ya maungio kwenye paneli ile baadaye. Sikuiona.

Nakshi za matundu, basi, nawapa alama zote. Sasa mlango.

Mwenye nyumba ni bibi mzaliwa wa Unguja. Aliniambia tangu mwanzo, "Mwanangu, sitaki mlango wa duka la fanicha." Anajua anachosema, amekulia Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na ambao milango yake ndiyo kila mgeni anaipiga picha. Nilikwenda Unguja siku mbili na kalipa, futi na simu, nikapima vizingiti, miimo na mifaa, yaani ule mti wa katikati unaofunika maungio ya milango miwili. Niseme jambo moja hapa hata kama si la karakana: tupime hii milango na kuichora wakati bado ipo. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020. Nyumba ikishaanguka, picha ya simu haitoshi kuchongea.

Nilichora kizingiti kwenye kompyuta kwa umbo kamili, la urefu, upana na kina, na mashine ikakichonga kwa saa saba: kwanza kwa biti nene ya kuondoa nyama, kisha kwa biti ya ncha ya mviringo ya milimita tatu iliyopita mstari kwa mstari kama mtu anayechana nywele. Kilipotoka nilifurahi kama mtoto. Chuoni tulionyeshwa picha za samaki mkubwa wa msanifu Frank Gehry pale Barcelona, wa mwaka 1992, na jumba la makumbusho la Guggenheim la Bilbao lililofunguliwa 1997, tukaelezwa jinsi ofisi yake ilivyoazima CATIA, programu ya Dassault ya Ufaransa iliyotengenezwa kwa kusanifu ndege, ili umbo litoke kwenye kompyuta na kufika kwa watengenezaji likiwa na vipimo vyake vyote. Nilidhani hayo ni mambo ya majumba ya mabilioni. Na hapa nimesimama Keko, nimeshika kizingiti kilichotoka kwenye flashi yangu.

Nikampelekea mzee mmoja mchonga milango, Bagamoyo, ambaye ndiye angechonga mfaa kwa mkono. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakilaza kizingiti kwenye magoti yake. Hakukitazama sana. Alichovya kitambaa kwenye maji, akalowesha sehemu moja, akasubiri ikauke, kisha akapitisha kidole gumba. Akaniambia nipitishe na mimi. Mbao ilikuwa imeota manyoya. Nyuzi ambazo biti ilizilaza badala ya kuzikata zilikuwa zimesimama. "Ukipaka vanishi juu ya hii," akasema, "mwaka haufiki."

Kisha akageuza kizingiti kwenye mwanga wa ubavuni. Majani yangu yote yalikuwa na kivuli kimoja. "Haya majani mama yao mmoja," akasema. Ilikuwa kweli: nilichora jani moja, nikalinakili mara arobaini. Kwenye skrini lilionekana ni unadhifu, kwenye mbao lilionekana ni uvivu. Na chini ya kila jani, pale ambapo mchongaji huingiza patasi kwa mshazari ili jani lionekane limenyanyuka, palikuwa pamejaa. Hilo si kosa la opereta. Mashine hii inakwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Biti inashuka wima, haiwezi kuingia chini ya kitu. Na kwa kuwa ncha yake ni ya mviringo, kila kona ya ndani inabaki laini, kama herufi iliyoandikwa kwa kalamu butu.

Mzee alifanya kazi kwenye kizingiti na miimo siku nne. Alichimba chini ya majani kwa patasi, akanoa kona zote, akabadilisha majani tisa au kumi yasifanane na ndugu zao, akaondoa manyoya kwa kulowesha na kupiga msasa mara tatu. Nilimuuliza kama angeona ni dharau kuletewa kazi iliyoanzwa na mashine. Akaniambia kuondoa nyama ndiko kunakomuumiza mgongo, na kwamba kama mashine inaondoa nyama, yeye abaki na sura, basi ataweza kufanya kazi hii miaka mingine. Ila mfaa hakutaka uguswe na mashine, na sikumbishia. Aliuchonga wote mwenyewe, akianzia chini kwa samaki na kupanda na mizabibu hadi juu. Leo ukisimama mbele ya mlango ule unauona mfaa kwanza, na mimi niliyetumia saa saba za mashine sioni tabu kulisema.

Kuhusu hela: nililipa shilingi 30,000 kwa saa ya kukata, mbao nilinunua mwenyewe. Paneli 14 zilinigharimu 360,000 za mashine, kizingiti 210,000, na miimo miwili, ambayo nakshi yake ni nyembamba, 180,000. Mzee aliniambia paneli moja ya matundu kama zile ingemchukua siku mbili, kwa hiyo ningesubiri karibu mwezi. Kwa kazi ya kurudiarudia, yenye vipimo vinavyotakiwa kulingana, hapo mashine haina mpinzani.

Malalamiko ninayo mawili. Kwanza, walinichelewesha siku mbili bila kunipigia. Nilifika na gari la kukodi nikakuta miimo bado haijaanza. Kupiga simu si kazi kubwa. Pili, na hili ni zito zaidi, hawana mahali pazuri pa kutunzia mbao za mteja. Mkongo wangu ulioandaliwa kwa uangalifu niliukuta umeegemezwa ukutani, nusu juani nusu kivulini, na bodi moja ilikuwa imeanza kupinda. Mbao iliyopinda haikai sawa mezani, na mashine haijui hilo: inakata kina kile kile, upande mmoja inatoboa, upande mwingine inabakiza ngozi. Tangu hapo napeleka mbao asubuhi ya siku ya kukata na kuondoka nazo jioni. Fanyeni hivyo hivyo.

Na kwa anayekwenda na kazi ya kuunganisha, kama viti au rafu za kuchomekana: kona za ndani za tundu zitatoka na duara la ukubwa wa biti, kwa hiyo ulimi wa mraba hautaingia mpaka mwisho. Chora kitundu kidogo kinachozidi kwenye kila kona, au lipia fundi wa patasi. Plaiwudi nayo ipime kwa kalipa kabla ya kuchora. Ile inayouzwa kama milimita 18 nimeikuta ina 17 na nukta kidogo, na maungio yakacheza kama jino bovu.

Jumatatu narudi Keko na ngazi ya nyumba moja ya Mbezi, nguzo 38 za mikono zenye matundu. Kijana ameshanitumia ujumbe kuuliza biti ya ngapi. Nimemjibu sita, na kwenye kona ya juu ya faili, kando ya mraba wa milimita 100, nimeandika: kata ndani ya mstari, ubavu ubaki 12.